Tangazo la ardhi lisilofika shambani

LA mgambo likilia lina jambo. Zamani katika vijiji vingi, kulipokuwa na shughuli, mpiga mbiu alipita jioni na pembe au ngoma wakati watu wamesharudi kutoka mashambani, na aliyekosa kusikia aliambiwa na jirani kabla hajalala.

Siku hizi jambo zito kuliko mengi kwa mkulima, yaani uamuzi wa kubadili matumizi ya ardhi anayoilima, hutangazwa kwa njia nyingine kabisa. Huchapwa katika Gazeti la Serikali, ambalo hutoka kila Ijumaa na ambalo halipatikani kwenye meza za wauza magazeti wa stendi. Nakala hupelekwa kwa halmashauri ya kijiji.

Yupo mtendaji wa kijiji atakayeibandika nakala hiyo ubaoni siku hiyo hiyo na kumtuma mgambo apite vitongojini. Yupo pia atakayeitia kwenye jalada akisubiri kikao. Huyu wa pili huenda hana nia mbaya, na huenda hana hata gundi ofisini. Lakini siku za tangazo huhesabiwa kuanzia siku lilipochapwa, si siku mkulima alipopata habari.

Kwa mtu wa mjini hilo laweza kuonekana suala la makaratasi. Kwa mwenye ekari mbili za mikorosho ni suala la mtaji wake wote.

Chukua mfano. Mikorosho ikipandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 ekari moja hubeba miti kama 28, na ekari mbili miti 56. Tuseme kila mti unatoa kilo 10 za korosho ghafi kwa msimu, na bei ya mnadani ni sh 2,000 kwa kilo. Mkulima anapata sh 1,120,000. Akitoa gharama za salfa, palizi na kuokota, tuseme sh 320,000, anabakiwa na sh 800,000 kwa mwaka.

Ili mtu huyo apate kiasi hicho hicho bila shamba, anahitaji kuwa na sh milioni 8 mahali panapomlipa faida ya asilimia 10 kila mwaka. Hiyo ndiyo thamani ya shamba lake kwa hesabu ya mchumi, na hapo haijahesabiwa mihogo anayochanganya katikati ya miti, wala kuni, wala ukweli kwamba mjukuu wake ataanza maisha bila kununua kiwanja. Mkorosho mpya huchukua miaka kama mitatu kabla ya kuanza kuzaa. Kwa hiyo hata akilipwa leo na kupanda kesho, ana misimu kadhaa ya kununua chakula dukani.

Kwamba ardhi hiyo ni mali, hata kama mwenyewe hana karatasi, si jambo la kubishaniwa tena. Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua mwaka 1994, katika shauri lililotoka mkoani Arusha, kuwa haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba na kwamba haiwezi kuchukuliwa bila fidia ya haki. Mwenye mali basi ana sababu ya kutaka aambiwe mapema, aambiwe kwa lugha anayoielewa, na aambiwe akiwa bado ana la kufanya.

Sheria inataka nini

Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999 na zilizoanza kutumika Mei 2001, ziliigawa ardhi ya Tanzania Bara katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya hifadhi na ardhi ya kijiji. Takribani asilimia 70 ya ardhi yote huhesabiwa kuwa ya kijiji.

Mgeni haruhusiwi kumiliki ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na hapewi ardhi ya kijiji moja kwa moja. Kwa hiyo kampuni ya nje ikitaka eneo la kilimo kikubwa, lazima kwanza eneo hilo lihamishwe kutoka ardhi ya kijiji na kuwa ardhi ya jumla. Hapo ndipo kinapoingia kifungu cha 4 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji.

Kifungu hicho kinamtaka Waziri mwenye dhamana ya ardhi achapishe tangazo katika Gazeti la Serikali na kulipeleka kwa halmashauri ya kijiji husika. Tangazo lazima litaje mahali eneo lilipo, ukubwa na mipaka yake, sababu za kulihamisha kwa kifupi, na tarehe ambayo Rais anaweza kutumia uwezo wake wa kulihamisha.

Halmashauri ya kijiji nayo ina wajibu wake. Inapaswa kuwaarifu wote ambao mashamba yao yamo ndani ya eneo hilo, wakiwamo wanaolitumia kimila. Watu hao wanaweza kupeleka maoni kwa halmashauri yenyewe na kwa Kamishna wa Ardhi. Aidha, kijiji kinaweza kumtaka Kamishna au ofisa wake afike mkutanoni, aeleze zaidi na ajibu maswali. Na ardhi haihami mpaka aina, kiasi na wakati wa kulipa fidia viwe vimekubaliwa.

Eneo likiwa chini ya hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, kijiji kinatoa mapendekezo na Waziri ndiye anayeamua.

Ni mpangilio wa ajabu kidogo. Juu ya ekari 600 kijiji kina kauli ya mwisho, lakini juu ya ekari 20,000 kina ushauri tu. Ndiyo maana tangazo lina uzito zaidi pale eneo linapokuwa kubwa, kwa sababu maoni yaliyoandikwa na kufika ndani ya muda ndiyo nguvu pekee iliyobaki mikononi mwa wanakijiji.

Mahali pengine sheria zinafuata mkondo huo huo wa kutangaza kwanza. Chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2007, mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji huandaliwa na halmashauri ya kijiji na kupitishwa na mkutano mkuu. Mijini kuna Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka huo huo, iliyochukua nafasi ya ile ya kikoloni ya mwaka 1956, ambapo Waziri hutangaza eneo la mpango kwa amri katika Gazeti la Serikali. Vijiji vilivyo kando ya miji vinajikuta vikiguswa na sheria zote hizo kwa pamoja, na wakulima wa Kisarawe, Mkuranga na Bagamoyo wanalijua hilo.

Hekta za Kisarawe

Mwaka 2008 bei ya mafuta ghafi ilipanda hadi kuvuka dola 140 kwa pipa. Mbono kaburi, mmea ambao wakulima wengi waliufahamu kama ua wa kuzungushia boma au makaburi, ukawa ghafla zao la biashara la dunia. Makampuni ya Ulaya yalikuja kutafuta ardhi ya kulima mbono kwa ajili ya dizeli, na ukanda wa Pwani na Kusini ulikuwa karibu na bandari.

Wilayani Kisarawe, kampuni ya Sun Biofuels ya Uingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 zilizotoka katika vijiji vipatavyo 11, kwa hati ya miaka 99 iliyopitia Kituo cha Uwekezaji Tanzania (TIC). Kilimo kilianza mwaka 2009 na mamia ya wanakijiji wakapata vibarua. Mwaka 2011 fedha zilikwisha, shughuli zikasimama na wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Kilwa, kampuni ya Bioshape ya Uholanzi iliyopewa hekta 34,000 ilikuwa imeshafilisika mwaka 2010.

Haiwezi kusemwa kuwa vijiji vya Kisarawe havikuitwa kabisa. Mikutano ilifanyika, mihtasari ikaandikwa na watu wakasaini. Lakini watafiti waliofika huko walikuta wanakijiji ambao hawakuwa wameelewa kwamba ardhi ikishahamishwa inaacha kuwa ya kijiji kwa moja kwa moja. Wengi walidhani wameikodisha. Walizungumza juu ya visima, barabara na zahanati walizoahidiwa kwa mdomo, na walilalamika kuwa havikuonekana.

Hapa ndipo pengo la tangazo linapoonekana vizuri. Sheria inataka tangazo liseme mahali, ukubwa, sababu na tarehe. Haitaki liseme kitakachotokea mwekezaji akishindwa.

Kumbe jambo hilo ndilo ambalo mkulima angeliuliza kwanza kama angejua kuwa ni swali. Kampuni ikifilisika, ardhi hairudi kijijini yenyewe. Hati inaweza kuuzwa kwa mwekezaji mwingine. Inaweza kufutwa na Rais, lakini hata ikifutwa ardhi hubaki kuwa ya jumla mpaka uchukuliwe uamuzi mwingine wa kuirudisha kijijini. Wakati huo wote mwanakijiji anayeingia kukata kuni au kulima mpunga bondeni anahesabiwa kuwa mvamizi katika eneo alilozaliwa.

Kwa mchumi, hilo linabadili bei. Mtu anayekodisha ekari kwa miaka kadhaa ana haki ya kudai kodi ndogo, kwa kuwa mali inarudi. Anayeiachia moja kwa moja anapaswa kudai thamani yote ya shamba, ile sh milioni 8 ya mfano wa mikorosho. Mwanakijiji aliyedhani anakodisha alikubali bei ya kukodisha kwa kitu alichokuwa anakitoa jumla. Tangazo lenye sentensi moja zaidi, kwamba ardhi hii haitarudi kijijini mkataba ukivunjika, lingebadili mazungumzo yote ya fidia.

Pia lipo suala la eneo linaloitwa pori. Fidia huhesabu mazao, nyumba, posho ya usumbufu, usafiri, makazi na faida iliyopotea, lakini huhesabiwa kwa mtu. Pori la kijiji ambamo wanawake huokota kuni, wachoma mkaa hupata ada ya shule na waganga huchimba mizizi halina jina la mtu, kwa hiyo katika majedwali ya wathamini huonekana kama ardhi isiyotumika. Watu hao wasiposikia tangazo na kusimama mkutanoni kusema wanalitumia, hakuna mwingine atakayesema kwa niaba yao.

Kwa nini halifiki

Sababu ya kwanza ni lugha. Kwa miaka mingi sheria na sehemu kubwa ya matangazo ya kisheria yaliandikwa kwa Kiingereza. Februari 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na hiyo ni hatua. Hata hivyo, Kiswahili cha wanasheria nacho kina ugumu wake. Tangazo linalosema eneo "limepakana upande wa kaskazini na kitalu namba fulani" na kufuatiwa na safu za namba za ramani halimwambii kitu mtu anayeijua mipaka ya kijiji kwa mbuyu, kisima cha zamani na kijito kinachokauka Agosti. Mkulima hawezi kupinga kuchukuliwa kwa shamba ambalo hajatambua kuwa ni lake.

Sababu ya pili ni kalenda, na hii huzungumzwa kidogo mno. Mkulima hana muda ule ule mwaka mzima. Katika maeneo ya korosho, tangazo linalotoka wakati wa kuokota, kati ya Oktoba na Desemba, linawakuta watu wako mashambani alfajiri hadi jioni. Katika maeneo ya mvua za masika, Machi na Aprili ni palizi, na kukosa palizi wiki moja ni kupoteza magunia. Mfugaji aliyehamisha ng'ombe wakati wa kiangazi anaweza kuwa umbali wa siku tatu. Siku zilizowekwa na sheria ni zile zile kwa wote, lakini siku hizo zikianguka Juni baada ya mavuno zina faida mara mbili ya zile zinazoanguka wakati wa palizi.

Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Kila anayeishi kijijini anajua vijiji ambavyo mkutano wa mwisho uliotimiza akidi ulikuwa wa uchaguzi. Pale ambapo watu wamezoea kusomewa mapato na matumizi kila robo mwaka, tangazo la ardhi linakuta masikio yaliyo tayari. Pale ambapo hawajaitwa kwa mwaka mzima, wakiitwa ghafla kwa ajili ya ardhi wanakuja wachache, na hao wachache wanatosha kuandikwa kwenye muhtasari.

Sababu ya tatu ni ubao wenyewe. Ubao wa matangazo uko kwenye ofisi ya kijiji, ambayo mara nyingi iko kwenye kitongoji kikubwa kilicho barabarani. Mtu wa kitongoji cha mbali hufika hapo akiwa na kesi au akitafuta barua ya utambulisho. Mwanamke mjane anayelima shamba la marehemu mumewe hufika mara chache zaidi, na jina lililo kwenye orodha ya wenye mashamba ni la marehemu au la shemeji.

Dalali husoma kwanza

Wakati mkulima hajasikia, wapo waliosikia. Katika soko la ardhi hakuna bidhaa yenye bei kama habari iliyotangulia.

Tuseme ekari moja iliyo kilomita kadhaa kutoka barabara kuu inauzwa sh 500,000. Mpango mpya unaligeuza eneo hilo kuwa la viwanda au makazi, na mara tu habari zinapoenea bei inafika sh milioni 3. Tofauti ya sh milioni 2.5 kwa ekari haikutokana na jasho la mtu. Imetokana na uamuzi wa mamlaka ya umma. Swali ni nani ataipata.

Kama tangazo limefika kwa wote siku moja, ataipata mwenye shamba, au angalau ataigawana na mnunuzi. Kama limekaa kwenye jalada kwa wiki sita, ataipata mtu aliyeliona jalada, au shemeji yake. Ndiye anayeonekana kijijini na gari jeupe akinunua ekari kumi kumi kwa bei ya zamani, fedha taslimu, mashahidi wawili, mwenyekiti amegonga muhuri. Mkulima aliyeuza hatadai kitu baadaye, kwa sababu aliuza kwa hiari yake.

Hata hivyo, kutangaza peke yake si dawa ya kila kitu, na Kigamboni jijini Dar es Salaam ni ushahidi. Mwaka 2008 serikali ilitangaza mpango wa kujenga mji mpya huko, katika eneo la zaidi ya hekta 6,000, na ikazuia ujenzi mpya na uuzaji wa ardhi ili mpango uandaliwe. Hapo kila mtu alisikia. Lakini zuio lilidumu kuliko watu walivyotarajia, huku mpango ukibadilika na fidia ikisubiriwa. Mwenye nyumba iliyoanza kupasuka aliogopa kuikarabati, na aliyetaka kuuza kiwanja asomeshe mtoto hakupata mnunuzi. Baadaye wakala ulioundwa kusimamia mji huo ulivunjwa na wakazi wakaruhusiwa kuendelea.

Tangazo lisilo na tarehe ya mwisho linayoiheshimu, basi, nalo ni gharama. Linafunga mtaji wa watu bila kuulipia riba.

Mwekezaji naye hupoteza

Wapo wafanyabiashara wanaoyaona matangazo haya kama kikwazo kinachochelewesha mradi. Mfano wa nchi jirani ya Kenya unaonyesha kuwa kuyaruka kunachelewesha zaidi.

Nchini humo mwenye kiwanja anayetaka kubadili matumizi, kwa mfano kutoka makazi kwenda biashara, hutangaza magazetini na kuweka bango kwenye kiwanja chenyewe, ambapo jirani hawezi kukosa kuliona. Kwa miradi mikubwa, kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 2003 ziliongeza mengine: mabango katika sehemu za wazi karibu na mradi, tangazo gazetini kwa wiki mbili mfululizo, tangazo la redio kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji, na angalau mikutano mitatu ya hadhara na watu watakaoathirika.

Kampuni ya Amu Power ilikusudia kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi, Lamu, katika eneo la wakulima na wavuvi. Mamlaka ya mazingira, NEMA, iliupa mradi huo leseni Septemba 2016. Wakazi walikata rufaa. Juni 26, 2019, Baraza la Taifa la Mazingira la Kenya liliifuta leseni hiyo, na moja ya sababu kuu ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Mikutano ilikuwa imefanyika, lakini ilikuwa ya utangulizi, kabla ripoti ya tathmini haijakuwapo. Watu waliulizwa maoni juu ya jambo ambalo hawakuwa wameonyeshwa.

Mradi huo ulikadiriwa kugharimu dola bilioni 2. Gharama ya kurudi Lamu na ripoti mkononi, kuieleza kwa Kiswahili na kuwapa wavuvi muda wa kujibu, isingefikia hata punje ya fedha hizo.

Katika kijiji cha kawaida hesabu ni ndogo zaidi. Nakala 100 za tangazo kwa sh 100 kila moja ni sh 10,000. Bodaboda yenye kipaza sauti kwa siku mbili katika vitongoji vyote, tuseme sh 60,000. Tangazo katika redio ya jamii kwa wiki moja, tuseme sh 100,000. Mchoro wa eneo kwenye karatasi kubwa, wenye mbuyu, kisima na njia ya shule badala ya namba peke yake, sh 20,000. Jumla ni sh 190,000. Msikiti na kanisa hutangaza bure, Ijumaa na Jumapili, na hawakosi wasikilizaji. Ikiwa familia 50 zinaguswa, gharama ni sh 3,800 kwa familia yenye mali ya sh milioni 8.

Vijiji vilivyokwisha kupima mashamba na kutoa hati za hakimiliki ya kimila vina nafuu nyingine. Rejesta ya ardhi ya kijiji inakuwa na orodha ya majina, na mtendaji hawezi kusema hakujua nani wa kuarifiwa. Pale ambapo mume na mke wameandikwa pamoja kwenye hati, barua inabidi iende kwa wote wawili.

Muhuri na sahihi

Mkulima anayesikia habari za tangazo anaweza kwenda ofisi ya kijiji kuomba kuliona lenyewe, si kusimuliwa. Aangalie vitu vinne ambavyo sheria inavitaka: mahali, ukubwa, sababu na tarehe. Tarehe ndiyo ya kunakili kwanza. Pingamizi lake liwe kwa maandishi, nakala moja kwa halmashauri ya kijiji na nyingine kwa Kamishna wa Ardhi, na nakala yake mwenyewe igongwe muhuri wa kupokelewa, kwa kuwa pingamizi lisilo na muhuri ni kama halikuandikwa.

Ugomvi ukishatokea, Baraza la Ardhi la Kijiji husuluhisha. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Baraza la Kata nalo limebaki na kazi ya usuluhishi, na shauri la kuamuliwa huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko kitu cha kwanza kinachoulizwa ni muhtasari wa mkutano mkuu.

Nao muhtasari huambatana na karatasi ya mahudhurio. Katika mikutano mingi karatasi hiyo huzungushwa mwanzoni, watu wakiwa bado wanatafuta kivuli, na kila mmoja anaandika jina na kutia sahihi au dole gumba kwa matumaini ya soda au posho. Haisemi kama aliyesaini alikubali au alikataa. Ikibanwa pini nyuma ya muhtasari unaosema "wajumbe wote waliafiki", inasomeka kuwa alikubali. Vipo vijiji ambavyo vimeanza kuandika juu ya karatasi yenyewe, kwa herufi kubwa na kabla ya jina la kwanza, kuwa ni ya mahudhurio tu, na kura ikahesabiwa peke yake kwa mikono juu, idadi ya waliokubali na waliokataa ikasomwa kwa sauti kabla watu hawajatawanyika.